Cornelia Sorabji: wakili wa wajane waliokaa nyuma ya pazia

Mjane haruhusiwi kutoka nje ya nyumba. Haruhusiwi kuzungumza na mwanamume asiye wa ukoo wake. Mawakili wote nchini ni wanaume, mahakimu wote ni wanaume, na makarani wa ardhi pia ni wanaume. Siku moja ndugu wa marehemu mumewe wanapitisha karatasi chini ya pazia na kumtaka atie dole gumba. Nani atamsomea karatasi hiyo kabla hajaitia alama?

Hali hiyo iliwakabili maelfu ya wanawake wa India zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wengi wao walikuwa wake na wajane wa watu matajiri. Katika makala haya tunamwangazia mwanamke aliyeamua kuwa yeye ndiye atakayeingia ndani, akae nao na kuwasomea karatasi zao. Jina lake ni Cornelia Sorabji. Alizaliwa mwaka 1866 na kufariki mwaka 1954, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi ya uwakili bila kuruhusiwa kuitwa wakili.

Mtoto wa mchungaji na mwalimu

Cornelia alizaliwa tarehe 15 Novemba 1866 katika mji wa Nashik, magharibi mwa India, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake, Sorabji Kharsedji, alitoka katika jamii ya Waparsi, watu wenye asili ya Uajemi wanaofuata dini ya Zoroasta. Akiwa kijana aliingia Ukristo, jambo lililomletea uadui mkubwa katika jamii yake, na baadaye akawa mchungaji.

Mama yake, Francina, alikuwa Mhindi aliyelelewa na familia ya Kiingereza. Binti yetu alipewa jina la bibi huyo Mwingereza aliyemlea mama yake. Francina alikuwa mwalimu, na alianzisha shule katika mji wa Poona, ambao leo unaandikwa Pune. Katika shule yake watoto wa dini na jamii mbalimbali walikaa darasa moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile.

Nyumba ya Sorabji ilikuwa na mabinti wengi na mtoto mmoja tu wa kiume. Wazazi walisema wazi kwamba mabinti wao watasoma. Majirani waliwaonea huruma kwa kupata wasichana wengi kiasi hicho, lakini wao hawakuiona kuwa ni hasara.

Katika kumbukumbu zake za uzeeni, Cornelia alieleza tukio la utotoni lililomwelekeza kwenye sheria. Mwanamke mmoja mwenye mali alifika kwa mama yake kuomba msaada. Alikuwa mjane, na mtu aliyeaminiwa kusimamia mali yake alikuwa amemdhulumu. Mjane huyo hakuwa na mtu wa kumsemea, kwa sababu desturi haikumruhusu kukutana na wakili mwanamume. Mama alimweleza mtoto kwamba akitaka kuwasaidia wanawake wa namna ile, asome sheria. Cornelia hakuisahau kauli hiyo.

Alama za juu, nafasi akanyimwa

Dada zake wakubwa waliomba kuingia Chuo Kikuu cha Bombay wakakataliwa, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyewahi kuingia. Ilipofika zamu ya Cornelia, mlango ulifunguliwa. Alisoma katika chuo cha Deccan mjini Poona, akiwa msichana peke yake katikati ya wavulana. Baadhi yao walikuwa wakimfungia mlango wa darasa ili asiingie.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 alimaliza shahada yake kwa daraja la kwanza, akiwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika chuo kikuu hicho. Kwa matokeo yale alistahili ufadhili wa serikali wa kwenda kusoma Uingereza. Serikali ilimnyima, kwa sababu moja tu: ufadhili huo ulikuwa wa wanaume.

Hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda Ahmedabad, akafundisha Kiingereza katika chuo cha Gujarat, ambacho wanafunzi wake walikuwa wanaume. Huku akifundisha, habari zake zilifika Uingereza. Watu waliosikia kisa chake walichanga fedha za kumsomesha, na miongoni mwao alikuwemo Florence Nightingale, mwanamke anayekumbukwa kwa kuweka misingi ya kazi ya uuguzi. Mwaka 1889 Cornelia alipanda meli kwenda Uingereza.

Mtihani ambao hakuna mwanamke aliyeufanya

Huko aliingia chuo cha Somerville, chuo cha wanawake katika mji wa Oxford. Alichagua sheria, na akapata ruhusa ya kusoma katika maktaba ya chuo cha All Souls, ambako hapakuwahi kuingia msomaji mwanamke. Mtu aliyemsaidia sana alikuwa Benjamin Jowett, mkuu wa chuo cha Balliol, aliyekuwa na sauti kubwa katika chuo kikuu.

Mwaka 1892 ulifika wakati wa mtihani wa shahada ya juu ya sheria. Kukawa na kikwazo, kwani kanuni hazikumtaja mwanamke, na palikuwa na pingamizi la kumtahini pamoja na wanaume. Ilibidi baraza la chuo kikuu litoe idhini maalumu kwa ajili yake. Aliketi, akafanya mtihani, akafaulu. Ndiye mwanamke wa kwanza kufanya mtihani huo wa Oxford.

Hata hivyo, shahada yenyewe hakupewa. Kufaulu mtihani kulikuwa jambo moja, na kukabidhiwa shahada lilikuwa jambo jingine, kwa sababu Oxford haikuwa ikitoa shahada kwa wanawake. Ilianza kufanya hivyo mwaka 1920. Cornelia aliondoka Uingereza akiwa na elimu kichwani lakini bila kibali cha kuitumia mahakamani.

Kukaa nyuma ya pazia kulikuwa na maana gani?

Kabla ya kuendelea, tueleze desturi iliyokuwa kiini cha kazi yake. Katika familia nyingi za heshima za India, za Kihindu na za Kiislamu, wanawake walikaa katika sehemu yao ya nyumba, wasionekane na wanaume wa nje. Mwanamke wa namna hiyo aliitwa pardanashin, yaani mwenye kukaa nyuma ya pazia. Wasomaji wetu wa pwani wanaijua desturi inayofanana na hiyo. Kwa Kiswahili iliitwa utawa, na mwanamke aliyeishi hivyo aliitwa mtawa, zamani kabla ya neno hilo kuzoeleka kwa maana ya watawa wa Kanisa. Huko Lamu wanawake wa familia kubwa walikuwa wakitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichobebwa kama hema, ili wasionekane njiani.

Kukaa utawani hakukuwa na maana ya umaskini. Baadhi ya wanawake wa India waliokaa nyuma ya pazia walikuwa wamiliki wa ardhi yenye vijiji vingi ndani yake. Lakini mmiliki huyo hakuwahi kuiona ardhi yake. Aliyekusanya kodi za wapangaji alikuwa msimamizi mwanamume, na kila habari ilimfikia mwanamke kupitia kinywa cha mtu mwingine. Kama msimamizi ni mwaminifu, mambo yalikwenda. Akiwa mwizi, mwanamke hakuwa na njia ya kujua.

Mahakama zilikuwa zimeona hatari hiyo. Majaji wa India, pamoja na Baraza la Privy la London lililosikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni, likiwemo eneo letu la Afrika Mashariki, waliweka kanuni maalumu. Mtu anayeleta mahakamani hati iliyotiwa alama na mwanamke wa nyuma ya pazia, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba mwanamke huyo aliielewa hati, na kwamba alikubali kwa hiari yake. Haikutosha kuonyesha alama ya dole tu.

Kanuni ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba kanuni humsaidia mtu aliyefika mahakamani. Mwanamke asiyejua kwamba ameibiwa, na asiyeweza kuonana na wakili, hafiki.

Kesi bila joho

Cornelia alirejea India na kuanza kazi katika majimbo madogo ya magharibi, ambayo yalitawaliwa na wafalme wa Kihindi chini ya uangalizi wa Waingereza. Huko alipewa ruhusa maalumu za kuwasilisha madai ya wanawake mbele ya maofisa wa Kiingereza. Alikwenda kwa wateja wake, akaketi nao chini, akasikiliza, akaandika.

Baadhi ya kesi zake za mwanzo zilikuwa za ajabu. Katika kumbukumbu zake alisimulia jinsi alivyotakiwa kumtetea tembo, aliyenyang'anywa shamba lililotengwa kwa ajili ya chakula chake. Mtawala wa jimbo hilo ndiye aliyekuwa pia mwamuzi. Cornelia alijiandaa kwa hoja za sheria, lakini mtawala akampa ushindi kwa sababu, alivyosema, mbwa wake alimpenda wakili huyo. Kisa hiki kinachekesha, lakini yeye kilimsumbua. Hakutaka kushinda kwa kupendwa na mbwa. Alitaka kushinda kwa sheria, katika mahakama inayotoa sababu za hukumu zake.

Kwa hiyo akarudi kwenye vitabu. Mwaka 1897 alifaulu mtihani wa shahada ya sheria wa Chuo Kikuu cha Bombay. Mwaka 1899 alifaulu mtihani wa uwakili wa Mahakama Kuu ya Allahabad. Mara zote mbili alikuwa ametimiza kile ambacho mwanamume akikitimiza anaingizwa katika orodha ya mawakili. Yeye hakuingizwa. Majaji walisema, kwa ufupi, kwamba sheria haikukusudia wakili awe mwanamke.

Katika kesi za jinai palikuwa na upenyo mdogo, kwani mahakama iliweza kumruhusu mtu asiye wakili kumsemea mshtakiwa. Kwa njia hiyo aliwahi kusimama mjini Poona kumtetea mwanamke aliyeshtakiwa kwa kumuua mumewe, na mwanamke huyo akaachiwa huru. Lakini ruhusa ya leo si haki ya kesho, na Cornelia alichoka kuomba ruhusa mlango kwa mlango.

Sheria ya mirathi iliyozaa uhasama

Kwa nini wajane ndio walioandamwa zaidi? Jibu liko katika sheria ya mirathi ya wakati huo, nasi tutaieleza kwa lugha nyepesi.

Huko Bengal, mashariki mwa India, mwanamume wa Kihindu akifa bila kuacha mtoto wa kiume, mjane wake alirithi mali. Lakini aliirithi kwa muda wa uhai wake tu. Alikula mapato, ila hakuruhusiwa kuuza ardhi isipokuwa kwa dharura zinazokubalika kisheria. Akifa, mali haikwenda kwa watu wake. Ilirudi kwa warithi wa mumewe.

Hebu fikiria shemeji anayesubiri. Kila mwaka ambao mjane anaishi ni mwaka ambao yeye hapati kitu. Na wajane wengi walikuwa wadogo kwa umri, kwa kuwa waliozwa wakiwa watoto. Mjane wa miaka 16 angeweza kuishi miaka 50 zaidi.

Lilikuwepo pia jambo la kuasili mtoto. Ikiwa marehemu alimwachia mkewe idhini, mjane aliweza kumchukua mtoto wa kiume na kumfanya mwana wa marehemu. Siku hiyo hiyo mtoto alikuwa mrithi, na ndugu waliokuwa wakisubiri walipoteza kila kitu. Ndiyo maana kesi nyingi ziligombania maneno yaliyosemwa kitandani kwa mgonjwa: je, mume alitoa idhini au hakutoa? Katika nyumba kama hizo, hofu ya kutiliwa sumu haikuwa mzaha.

Tena palikuwa na mtego wa kodi. Tangu mwaka 1793 serikali ya Kiingereza huko Bengal iliwadai wamiliki wakubwa wa ardhi kiasi maalumu cha kodi kwa tarehe maalumu. Jua likizama siku hiyo bila kodi kulipwa, ardhi iliweza kupigwa mnada. Msimamizi mwovu hakuhitaji kuvunja kabati. Ilimtosha kuchelewesha kodi kwa makusudi, kisha kumtuma mtu wake akainunue ardhi mnadani kwa bei ya chini.

Kwa mjane wa Kiislamu sheria ilikuwa tofauti, maana Kurani imemtajia fungu lake na fungu hilo ni mali yake kamili. Lakini kupewa fungu kwenye sheria na kulishika mkononi ni mambo mawili. Naye pia alikuwa nyuma ya pazia, na mapato yake yalipitia mikono ile ile ya wasimamizi.

Ofisi isiyokuwa na mfano

Kuanzia mwaka 1902 Cornelia aliiandikia serikali akidai jambo moja: iajiri mwanamke mwenye elimu ya sheria, awe mshauri wa wanawake wa nyuma ya pazia na watoto mayatima. Alieleza hoja yake pia katika magazeti ya Uingereza. Wapo waliomwona msumbufu, lakini hakuacha.

Mwaka 1904 alikubaliwa. Alipelekwa Bengal, katika idara iliyoitwa Court of Wards. Ingawa jina lake lilikuwa na neno mahakama ndani yake, haikuwa mahakama ya kesi. Ilikuwa idara ya serikali iliyosimamia ardhi ya watoto walioachwa bila baba, na ya wanawake ambao serikali iliona hawawezi kuisimamia wenyewe. Baadaye eneo lake la kazi lilipanuka, likagusa Bengal, Bihar, Orissa na Assam, nchi pana kuliko inavyoweza kuzungukwa na mtu mmoja kwa urahisi.

Alisafiri kwa treni, kwa mashua, kwa machela iliyobebwa mabegani, na mara nyingine kwa mgongo wa tembo. Akifika, aliongozwa hadi sehemu ya wanawake, mahali ambapo hakuna ofisa mwanamume aliyewahi kukanyaga. Kwanza hakuzungumza habari za sheria. Aliuliza hali, akafahamu nani ni nani katika nyumba, nani anapika chakula, nani anashika funguo. Ndipo polepole karatasi zikaanza kutolewa masandukuni.

Kazi yake ilikuwa zaidi ya hati. Alihakikisha mjane anapata posho yake kwa wakati. Aliangalia kama mrithi mdogo anasoma shule na kama anatibiwa anapougua. Alishauri kuhusu ndoa za mabinti. Alipatanisha mama mkwe na mke wa mwanawe waliokuwa hawasemezani ndani ya ua mmoja, kwa sababu aliona kwamba ugomvi wa jikoni ukiachwa huishia mahakamani na kula shamba zima.

Katika utumishi wa takriban miaka 20 inakadiriwa aliwasaidia wanawake na mayatima zaidi ya 600. Wengine aliwasaidia bila malipo. Mwaka 1909 serikali ilimpa nishani ya dhahabu ya Kaisar-i-Hind.

Hata hivyo, ofisi yake ilikuwa na udhaifu ambao hatuwezi kuuficha. Mwajiri wake alikuwa serikali, na idara ile ile iliyomlipa mshahara ndiyo iliyoshika ardhi ya wanawake aliowashauri. Mjane akitaka ardhi yake irudishwe mikononi mwake, na idara ikitaka kuendelea kuishika, Cornelia alisimama katikati. Mara nyingi aligombana na maofisa wa ngazi za juu walioona anaingilia mambo yasiyomhusu. Nao kwa miaka mingi hawakumpa cheo na mamlaka kamili kama ya mwanamume mwenye kazi kama yake.

Milango yafunguliwa

Cornelia hakuwa peke yake katika kubisha hodi. Mwaka 1916 mwanamke mwingine, Regina Guha, aliomba kuwa wakili mjini Calcutta, na majaji wakamkatalia. Lakini hali ilianza kubadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1919 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoondoa kizuizi cha jinsia katika taaluma, zikiwemo za sheria.

Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Allahabad, ile ile iliyomkatalia mwaka 1899, ilimwingiza Cornelia katika orodha ya mawakili wake. Mwaka 1922 alipokea shahada yake ya Oxford, miaka 30 baada ya kufaulu mtihani. Mwaka 1923 India ilipitisha sheria iliyosema wazi kwamba mwanamke asizuiwe kuwa wakili kwa sababu ni mwanamke. Katika kipindi hicho pia alikubaliwa kuwa wakili wa mahakama za juu kupitia chama cha Lincoln's Inn cha London.

Wakati huo alikuwa na umri wa karibu miaka 57. Alivaa joho, akafungua kazi Calcutta. Lakini mlango wa sheria ukifunguka, mlango wa mazoea unaweza kubaki umefungwa. Mawakili wadogo waliokuwa na kazi ya kugawa kesi hawakumletea kesi za kusimama na kuhoji mashahidi. Walimletea kazi ya kuandika maoni ya kisheria mezani. Mwaka 1929 alistaafu, akahamia London, akawa anarudi India mara kwa mara.

Upande uliomletea lawama

Tunaposimulia maisha ya mtu mashuhuri, hatupaswi kumfanya malaika. Cornelia alikuwa mtetezi hodari wa mwanamke mmoja mmoja, lakini hakuunga mkono uhuru wa nchi yake. Aliamini utawala wa Waingereza ulikuwa na manufaa kwa India, na alimpinga Mahatma Gandhi waziwazi. Alidhani mabadiliko yafike taratibu, kwa elimu, nyumba hadi nyumba, na kwamba siasa za umati zingewaacha wanawake wa nyuma ya pazia pale pale walipokuwa.

Mwaka 1927 mwandishi wa Marekani, Katherine Mayo, alitoa kitabu kilichowashutumu vikali Wahindi na desturi zao, hasa ndoa za watoto. Wahindi wengi walikiona kuwa ni tusi na hoja ya kuwanyima uhuru. Cornelia alikitetea. Jambo hilo lilimgharimu. Marafiki na wafadhili waliokuwa wakisaidia miradi yake ya kuwahudumia wanawake walijitenga naye, na wanawake wa kizazi kipya waliopigania haki zao pamoja na uhuru wa taifa hawakumwona kuwa mwenzao.

Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu jina lake lilisahauliwa nchini mwake kwa muda mrefu. India ilipata uhuru mwaka 1947, na taifa jipya lilikuwa na mashujaa wengine wa kuwataja.

Alichoacha

Cornelia alikuwa mwandishi pia. Vitabu vyake kadhaa vilieleza maisha ya wanawake wa nyuma ya pazia, na mwaka 1934 alichapisha kumbukumbu zake. Alifariki London tarehe 6 Julai 1954, akiwa na umri wa miaka 87. Hakuolewa na hakuacha mtoto.

Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka 1956, India ilipitisha sheria mpya ya mirathi ya Wahindu. Sheria hiyo ilifuta ule urithi wa muda wa uhai tu. Mali aliyonayo mwanamke ikawa mali yake kamili, anayeweza kuiuza au kumwachia amtakaye. Hesabu ya shemeji anayesubiri mjane afe ikakosa msingi wake. Cornelia hakuiandika sheria hiyo na hakuishi kuiona, lakini ubaya uliofutwa ndio ule aliokuwa ameukuta nyumba kwa nyumba.

Mwaka 2012 sanamu yake iliwekwa Lincoln's Inn, London, pale ambapo mawakili wa Uingereza hupita kila siku.

Kwa wasikilizaji wetu vijijini, India ya mwaka 1904 inaweza kuonekana mbali. Pazia la nyumba zile hatunalo katika sehemu nyingi. Lakini yapo mapazia mengine. Yupo mjane asiyejua kusoma, anayeletewa karatasi siku ya arobaini huku wageni wangali uani. Yupo asiyejua kama shamba limeandikwa kwa jina la nani. Yupo anayeambiwa kwamba mambo ya ardhi ni ya wanaume wa ukoo, yeye asubiri ndani.

Kazi ya Cornelia Sorabji inatukumbusha hatua chache ambazo hazijazeeka. Karatasi isomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo mwenye mali anaielewa, na asomaji asiwe yule anayefaidika na karatasi hiyo. Mwenye mali apewe nakala yake. Apewe muda wa kuuliza kwa mtu mwingine, awe msaidizi wa kisheria, ofisa wa serikali ya kijiji au jamaa anayemwamini. Na anayeharakisha dole gumba litiwe leo leo, bila swali wala shahidi, aulizwe kwanza haraka hiyo ni ya nini.